Gia Iliyolia Mlimani

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vichaka vya miiba, Loisi na Sikudhani walikwenda pamoja kuchota maji. Enzi hizo za utawala wa Wajerumani, Dodoma ulikuwa mji mdogo tu: stesheni ya reli, boma, maduka machache ya Wahindi, na nyumba za tembe zilizotawanyika katika vumbi jekundu. Wakati wa kiangazi maji yalipatikana kwenye mchanga wa korongo. Msichana mmoja alishuka ndani ya shimo na kuchota kwa kata, mwenzake akapokea na kumimina mtungini. Walipokezana hivyo mpaka mitungi yote ikajaa, kisha wakarudi nyumbani wakicheka na kusimuliana.

Loisi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake, Nikodemo, alikuwa Mgogo wa Mvumi aliyejifunza ufundi katika karakana ya reli. Sasa alifanya kazi katika yadi ya Mjerumani mmoja aitwaye Bwana Kestner, akitengeneza gari la mizigo. Watu waliliita gari la mafuta ili wasilichanganye na gari la moshi. Dereva wa gari hilo alikuwa Zaidi, baba yake Sikudhani, Mrangi wa Kondoa. Alipeleka bidhaa Kondoa na kurudi na nta, karanga na ngozi. Familia zote mbili ziliishi katika ua mmoja nyuma ya yadi. Ruthu, mama yake Loisi, na Mwantum, mama yake Sikudhani, walitumia kinu kimoja.

Sikudhani alijivunia baba yake kuliko kitu chochote. Wakitwanga uwele aliigiza mngurumo wa gari likiondoka, likikimbia na likipanda mlima.

"Baba akibadilisha gia husikii kitu," alisema. "Anasema gia ni kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Lazima mmoja amngoje mwenzake. Wasipongojana, wanagongana."

"Na baba yangu ndiye anayeutengeneza huo mlango," Loisi alijibu, nao wakacheka.

Baada ya masomo katika darasa la misheni, Loisi alimpelekea baba yake chakula karakana. Mara nyingi alibaki huko kumsaidia kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mikono yake ilikuwa midogo, iliingia mahali ambapo mikono ya baba yake haikuingia. Nikodemo alimfundisha kupanga kila kitu juu ya gunia kwa utaratibu wake.

"Kila chuma kina kazi yake," alimwambia. "Aliyekitengeneza hakukiweka kwa mapambo."

Mwaka huo, katikati ya kiangazi, meno ya gia mbili yalivunjika. Nikodemo akalifungua sanduku la gia lote. Hilo ni sanduku zito la chuma lenye magurudumu ya meno ndani yake. Ndilo linaloliwezesha gari kupanda mlima polepole kwa nguvu, au kukimbia kwenye tambarare. Gia mpya zililetwa kwa treni kutoka Dar es Salaam. Loisi aliosha vyuma vyote, akavipanga juu ya gunia, na baba yake akaanza kuvirudisha kimoja kimoja.

Bwana Kestner hakutulia. Vibarua walimwita Bwana Upesi, kwa kuwa neno hilo lilitoka kinywani mwake mara nyingi kuliko neno jingine lolote. Alikuja mlangoni, akaondoka, akarudi tena.

"Fundi! Mzigo unangoja stesheni. Kesho gari litoke!"

"Naam, Bwana," alijibu Nikodemo.

Jua lilikuwa limeinama Loisi alipoona kuwa kuna kitu kimebaki juu ya gunia. Ilikuwa pete ya shaba, pana kama kiganja chake.

"Baba, na hii?"

Nikodemo aliichukua, akaigeuza mwangani. Ilikuwa na ufa. Pete hiyo ilikaa mwishoni mwa shafti ya chini, ule mhimili wa chuma unaobeba gia. Kazi yake ilikuwa kuzuia shafti isicheze mbele na nyuma. Nikodemo alitazama mlangoni. Bwana Kestner alikuwa amesimama pale, akigonga kiatu chake kwa fimbo.

"Iache," Nikodemo alisema kwa sauti ya chini. "Shafti imekaza vya kutosha."

Akaitupa ndani ya kopo la vyuma chakavu. Loisi alimtazama usoni, lakini baba yake hakumtazama. Alikuwa tayari amechukua mfuniko wa sanduku na kuanza kuukaza.

Gari lilitoka kesho yake. Liliporudi kutoka Kondoa, Zaidi hakushuka akiimba kama kawaida yake. Jioni alimkuta Nikodemo uani, akaketi karibu naye.

"Ndugu yangu, kwenye tambarare gari linakwenda vizuri kabisa," alisema. "Lakini nikianza kupanda vilima vya Chenene na mzigo, gia ya pili inalia. Inasaga kama jiwe la kusagia. Na nikishuka, inataka kuruka itoke yenyewe. Naishikilia kwa mkono mpaka chini."

"Gia mpya ni ngumu," Nikodemo alijibu. "Zitazoeana."

"Huu si ugumu, Nikodemo. Lifungue uangalie."

"Nitaliangalia."

Loisi alikuwa akichambua mlenda karibu nao, akayasikia yote. Alingoja kuona baba yake akilifungua lile sanduku. Hakulifungua. Mzigo mwingine ulikuwa umeshapakiwa, na Bwana Kestner alikuwa akipiga kelele. Nikodemo naye aliogopa kusema kwamba kazi aliyoikabidhi kama imekamilika haikuwa imekamilika.

Safari iliyofuata, gari lilirudi likivutwa na ng'ombe.

Zaidi alikuwa akishuka mlima akiwa na mzigo mzito. Gia iliruka ikatoka, gari likakimbia peke yake, breki zikashindwa. Zaidi alilielekeza kwenye korongo la mchanga ili lisibingirike hadi chini. Hakuna aliyekufa. Lakini gurudumu la mbele lilivunjika, na mzigo wote ulimwagika na kuharibika. Zaidi mwenyewe alikuwa na jeraha juu ya jicho.

Bwana Kestner aliwakusanya watu wote yadini.

"Zaidi, umeharibu gari langu! Hukukanyaga klachi. Ulilala usukanini!"

"Sikulala, Bwana," alijibu Zaidi kwa heshima. "Klachi nilikanyaga. Gia iliruka yenyewe. Hata safari ya kwanza ililia, na nilimwambia fundi."

"Gia ni mpya! Fundi, wewe unasemaje?"

Nikodemo alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ile ilikuwa safi.

"Gia nilizifunga vizuri, Bwana."

"Nikodemo," alisema Zaidi polepole, "nilikuambia."

Nikodemo aliendelea kujifuta mikono. Ndipo Bwana Kestner alipomwona Loisi, ambaye alikuwa ameleta chakula na kusimama na bakuli mikononi.

"Wewe! Wewe uliosha vyuma. Vyote vilirudi ndani? Sema!"

Watu wote waligeuka. Loisi alimtazama baba yake. Hakuwahi kuuona uso wake ukiwa vile. Midomo ilikuwa mikavu, na macho yalikuwa yakimwomba kitu. Loisi alielewa kinachoombwa.

"Ndiyo, Bwana," alisema. "Vyote vilirudi."

Siku zile adhabu ya kazini ilikuwa na jina lake, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Zaidi alilazwa kifudifudi palepale yadini mbele ya vibarua wenzake. Loisi alidondosha bakuli, akakimbia na kujificha nyuma ya ukuta wa karakana, vidole masikioni, macho ameyafumba. Alipofumbua macho alimwona Sikudhani amesimama kando ya uzio. Sikudhani hakuwa ameziba masikio. Alikuwa akitazama.

Bwana Kestner alimfukuza Zaidi kazi na kumwamuru aondoke katika ua ule kabla ya jua la kesho kupanda. Hakukuwa na namna ya kwenda Kondoa ila kwa miguu. Mgongo wa Zaidi haukuweza kubeba kitu, kwa hiyo Mwantum na Sikudhani ndio waliojitwika mizigo yote, vyungu, mikeka na chakula. Nafasi iliyobaki ilitosha kibuyu kimoja kidogo cha maji.

Kesho yake alfajiri Sikudhani alimfuata Loisi kinuni.

"Loisi," alisema, "wewe ulikuwepo. Uliosha vile vyuma kwa mikono yako. Jana ulisema kweli?"

Loisi alitazama chini. Mlangoni Nikodemo alikuwa amesimama.

"Nilisema kweli."

Sikudhani aligeuka akamtazama baba yake aliyekuwa akingoja uani.

"Basi baba yangu amenidanganya," alisema. "Usiku kucha aliniapia kwamba gia iliruka yenyewe. Nami nikamwamini."

Alijitwika mzigo wake. Siku zote wakitembea alikwenda mbele, mkono wake ndani ya mkono wa baba yake. Siku ile alitembea nyuma ya mama yake, wala hakumkaribia baba. Loisi aliwatazama mpaka vumbi likawameza.

Tangu siku hiyo Loisi alichota maji peke yake. Kazi ile ilikuwa ngumu bila mtu wa kupokea kata. Kila mara ilimbidi ashuke shimoni, achote, apande, amimine, kisha ashuke tena. Darasani mwalimu alimwita kwa jina na yeye hakusikia. Nyumbani ugali ulipoa mbele yake.

Gari lilifungwa gurudumu jipya, na dereva mpya akaajiriwa. Jina lake lilikuwa Matonya, mtu mzima mtulivu. Aliporudi kutoka safari yake ya kwanza alishuka, akalizunguka gari, akatikisa kichwa.

"Gari hili lina ugonjwa," alisema. "Mlimani linalia kama mtu anayeumwa jino. Likishuka ndiyo hatari zaidi."

Loisi alisikia. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama yake.

"Mama, nilisema uongo," alisema. Akaeleza yote, pete na ufa wake, macho ya baba, na neno alilomwambia Sikudhani.

Ruthu aliuweka mwiko chini. Kisha akaepua chungu motoni.

"Baba yako yuko karakana," alisema. "Nenda umwambie hayohayo uliyoniambia mimi. Usipunguze hata neno. Nakuja nyuma yako."

Nikodemo alikuwa ameinama juu ya meza ya kazi.

"Baba," alisema Loisi, "gia inalia hata kwa Matonya. Baba Sikudhani hakukosea. Ni ile pete."

"Nani amekutuma?" Nikodemo aliuliza kwa ukali.

"Sikutumwa na mtu. Sikudhani aliniuliza nikamdanganya, na sasa anamwona baba yake mwongo."

Nikodemo alifungua kinywa ili amkemee. Kisha akamwona Ruthu amesimama mlangoni, akakifumba. Aliketi juu ya sanduku la vifaa.

"Labda ni klachi," alisema, kama mtu anayejisemesha. "Labda ni klachi tu, haiachii vizuri."

"Basi tuangalie," alisema Ruthu.

Walimwita Matonya. Waliinua magurudumu ya nyuma na kuweka magogo chini ya gari. Matonya aliwasha injini, akakanyaga klachi, akaingiza gia. Magurudumu yalitulia. Klachi ilikuwa ikiachia vizuri kabisa, bila kuburura. Ugonjwa haukuwa hapo.

Nikodemo akaizima injini, akafungua nati ya chini ya sanduku la gia, na oili ikatiririka ndani ya karai. Alichovya kidole na kukiinua kwenye mwanga. Oili ilimetameta. Ndani yake mlikuwa na unga wa chuma, laini kama unga wa mtama.

"Inajisaga," alisema kwa sauti ndogo.

Akaondoa mfuniko. Alishika shafti ya chini kwa mikono miwili, akaisukuma na kuivuta. Ilisogea mbele, ikarudi nyuma. Haikusogea sana, upana wa ukucha tu. Lakini kwa mashine ukucha ni mbali.

"Tia mkono, Loisi," alisema. "Papasa meno."

Loisi aliingiza mkono. Upande mmoja meno ya gia yalikuwa mazima, yenye kingo kali. Upande wa pili yalikuwa yameliwa, yamekuwa butu.

"Yameliwa upande mmoja, baba."

"Ndiyo." Nikodemo hakuinua kichwa. "Kwenye tambarare shafti inatulia, na hakuna anayesikia kitu. Ukipanda mlima na mzigo, inasukumwa nyuma, na meno yanashikana kwa ncha tu. Hapo ndipo yanaposaga. Ukishuka, inasukumwa mbele, na gia inaruka. Zaidi alinieleza yote haya. Aliketi pale uani akanieleza, nami nikamwambia zitazoeana."

Akafunika uso kwa mikono iliyojaa oili, akalia. Loisi hakuwahi kumwona baba yake akilia, na hakujua afanye nini. Ruthu ndiye aliyekwenda kumshika bega.

Kesho yake asubuhi Nikodemo alitafuta kipande cha bamba la shaba katika vyuma chakavu. Alikikata, akakipiga tupa, akakipima kwa ile pete yenye ufa, akapiga tupa tena. Jua lilikuwa bado juu alipomaliza pete mpya. Aliirudisha mahali pake, akabadilisha gia iliyoliwa kwa nyingine ya akiba iliyokuja na zile mpya, akaisukuma shafti. Haikucheza.

"Siku moja," alimwambia mkewe. "Ilikuwa kazi ya siku moja, Ruthu. Ningesimama mbele ya Bwana Kestner nikaomba siku moja tu."

Kisha alikwenda kwa Bwana Kestner mwenyewe, akamwambia kwamba aliacha pete nje, kwamba alijua, na kwamba Zaidi alipigwa bure. Bwana Kestner akawa mwekundu, akachukua kiboko ukutani. Halafu akakirudisha. Hapakuwa na fundi mwingine wa gari karibu, na mzigo ulikuwa ukingoja.

"Gari linakwenda Kondoa," alisema. "Nenda nalo ulisikilize. Mwambie Zaidi arudi kazini."

Hakusema kwamba amejuta. Nikodemo alitoka pale na mgongo mzima, na alisema baadaye kwamba hakuna kitu kilichomuuma maishani kama mgongo ule mzima.

Loisi aliomba aende naye, na mama yake akakubali. Aliketi na baba yake juu ya magunia, Matonya akiendesha. Gari lilipoanza kupanda vilima vya Chenene, Nikodemo aliinamisha kichwa akasikiliza. Matonya alibadilisha gia. Gari liliunguruma kwa nguvu, likapanda, wala hakuna kilicholia. Waliposhuka upande wa pili gia ilibaki mahali pake.

"Limepona!" Matonya alipaza sauti.

Kwa mara ya kwanza tangu wenzao waondoke, moyo wa Loisi ulipata nafasi ya kupumua. Njia nzima alipanga maneno. Angesema kwanza, "Sikudhani, mimi ndiye mwongo, si baba yako." Sikudhani angekasirika. Labda asingemsemesha siku nzima. Lakini baadaye angecheka, kwa kuwa hakuweza kukasirika muda mrefu, na wangerudi Dodoma pamoja juu ya magunia haya haya.

Kijiji cha akina Zaidi kilikuwa mlimani, mbele kidogo ya Kondoa. Waliliacha gari mjini kwa Matonya, wakapanda kwa miguu wakiuliza njia. Mwantum alikuwa ameketi nje ya nyumba, akipepeta mtama. Alikuwa amekonda. Alipowaona, ungo ulisimama mikononi mwake.

"Shikamoo, mama," alisema Loisi.

"Marahaba."

"Sikudhani yuko wapi, mama? Nina neno la kumwambia."

Mwantum alimtazama Loisi, kisha akamtazama Nikodemo, kana kwamba alikuwa akitafuta ni nani kati yao aliyekuja kumcheka. Alipoona kwamba hawakujua, macho yake yalilegea.

"Hamkusikia," alisema. "Maji yalituishia njiani. Kibuyu kilikuwa kidogo. Tulikuta dimbwi la kunyweshea ng'ombe, tukanywa. Sote tuliugua tumbo. Sisi tulipona. Sikudhani alikuwa amebeba mzigo mzito, alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu. Alifika hapa amebebwa na baba yake, na mgongo wa baba yake bado una vidonda. Mungu alimchukua wiki ileile."

Loisi alisikia maneno, lakini yalikuwa kama maneno ya lugha nyingine. Alitazama mlango wa nyumba, akingoja Sikudhani atoke.

Zaidi alirudi kutoka shambani, jembe begani. Nikodemo alipiga magoti kwenye vumbi kabla hajasalimiwa.

"Baba Sikudhani," alisema, "niliacha pete nje ya gia. Nilijua. Ulipopigwa wewe, mimi ndiye niliyestahili kupigwa. Nimemwambia Bwana Kestner yote. Gari limepona. Nilikuja kukurudisha kazini, nami nilidhani…"

Zaidi aliliweka jembe chini polepole.

"Mimi nilijua," alisema. "Dereva anajua gari lake. Viboko nilivisahau, Nikodemo. Lakini mwanangu hakunisemesha njia nzima. Siku yake ya mwisho nilimshika mkono, nikamwambia, mwanangu, baba yako hakudanganya. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Baba, Loisi aliona. Loisi hasemi uongo.'"

Loisi aliposikia hivyo, alijitupa chini. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipoishiwa na sauti, Zaidi alimnyooshea mkono.

"Njoo," alisema. "Neno ulilokuja nalo usiniambie mimi."

Alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi dogo lililozungushiwa mawe. Udongo ulikuwa bado mpya. Loisi aliketi kando yake. Maneno yote aliyoyapanga juu ya magunia yalikuwa yamepotea, akabaki na machache.

"Sikudhani," alisema, "baba yako hakudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Baba yako ni mkweli."

Upepo mkavu ulipita kwenye mashamba ya mtama. Loisi alingoja. Halafu alielewa kwamba hakuna jibu litakalokuja, leo wala siku nyingine.

Zaidi alimgeukia Nikodemo.

"Binti yako ni mtoto. Nimemsamehe," alisema. "Wewe pia umeomba, nami nimekusikia. Nitakusamehe Mungu akinipa nguvu. Leo sina. Na mwambie mwenye gari kwamba usukani sitaushika tena."

Akachukua jembe lake akarudi shambani, ingawa jua lilikuwa karibu kutua.

Mwantum ndiye aliyebaki na Loisi. Alimwinua, akampangusa vumbi magotini, akamgeuza uso ili watazamane.

"Sikulaani, mwanangu," alisema. "Ulimwogopa baba yako, na watu wazima waliokuzunguka walikuwa waoga kuliko wewe. Lakini lishike neno hili, ukawaambie na watoto utakaowazaa. Ukweli haungoji siku ambayo kwako ni rahisi kuusema. Una siku yake, siku mtu anapouhitaji. Ukiipitisha siku hiyo, bado utausema, na bado utakuwa ukweli. Lakini yule aliyeuhitaji hatakuwepo kuusikia."

"Nimesikia, mama," alisema Loisi.

Nikodemo alikuwa amesimama hatua chache nyuma yao, kofia mkononi. Alisikia kila neno, na alijua kwamba maneno yale hayakusemwa kwa mtoto peke yake.